Faili la Asha Juma Ali

Wanangu mnaokaa sasa kwenye lile dirisha la mafaili, kwanza niwaombe radhi kuhusu kiti. Najua kinayumba. Mguu wake niliuvunja mimi, siku niliyopanda juu yake kutafuta faili la mgonjwa ambaye muda wote alikuwa amelishika mkononi mwake. Kama mlidhani mmerithi kiti cha mtu hodari, mjue mapema.

Watu wa nje wakisikia nilikuwa karani wa kumbukumbu hospitalini wanadhani ni kazi ya kukaa. Kazi yenyewe ni kutafuta. Mgonjwa anafika dirishani, anataja jina, nawe unaingia kwenye rafu. Na kwa jiji hili, kupewa jina peke yake ni sawa na kuambiwa ukamlete Kariakoo mtu aliyevaa shati jeupe, siku ya Jumamosi. Ukitajiwa Asha Juma, usiinuke. Uliza jina la babu, jina la mama, mtaa anaokaa, mara ya mwisho alimwona daktari gani. Nyinyi mna kompyuta, lakini hiyo kompyuta nayo itakumwagia akina Asha Juma kibao, halafu itakaa kimya ikusubiri wewe uchague. Ulizeni tu.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nawafundisha wenzangu. Ndiyo maana ninayotaka kuwasimulia ni ya aibu.

Nilipoanza kazi, mkuu wa chumba chetu alikuwa Mzee Mbwana, mtu wa Pwani, mpole, anayevaa kofia yake ya kiua hata wakati wa joto la Februari. Yeye alikuwa na sauti ya chini. Mimi nilikuwa na sauti ya kuitia watu sokoni, na sikuona ubaya wake. Foleni ikiwa ndefu nilikuwa nasimama na kuwagawa watu kwa kuwapigia kelele: wa macho huku, wa kisukari kule, wa kliniki ya akili ya watoto simameni pembeni hapo niwaone. Nilijiona mchapakazi. Asubuhi moja nilipotangaza hivyo, watu waligeuza shingo wote kwa pamoja, na baba mmoja aliyembeba mtoto wa miaka kama minne akatoka kwenye mstari, akaenda zake. Nilidhani ameenda kunywa chai.

Mzee Mbwana aliniita nyuma ya rafu. Hakunifokea. Aliniambia, "Binti, yule hakwenda kunywa chai. Umemfukuza mgonjwa, na wala wewe si daktari." Akanionyesha namna yake: chukua kikaratasi, andika namba ya chumba, mpe mtu mkononi, mwelekeze kwa kidole. Ugonjwa wa mtu hautajwi dirishani. Nikasema nimeelewa. Nikaifuata siku zote alizokuwa karibu. Akienda kuswali, sauti yangu ilikuwa inarudi.

Basi Mungu akanipa Saumu.

Saumu ndiye mtoto wangu wa pekee. Baba yake, Idrisa, alikuwa anafanya kazi kwenye pantoni, kile chombo cha kuvusha watu pale Magogoni, na sisi tulikuwa tunakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, ngazi hazina taa. Tangu alipoanza kutembea, Saumu alikuwa haambiliki. Ukimkatisha jambo analofanya anajitupa chini. Ukibadilisha njia ya kurudi nyumbani anapiga mayowe mpaka mnarudi mlikotoka. Akiwa darasa la kwanza alimng'ata mwenzake bega, akautupa mkoba wa mwingine dirishani, na mwalimu alipomshika akamng'ata na yeye. Nilihamisha shule. Shule ya pili walimvumilia kwa muhula mmoja.

Nilijaribu dawa zote nilizozijua, yaani moja: mwiko. Nilimpiga, naye akawa anapiga wenzake kwa ustadi zaidi. Shangazi zake wakasema ni jicho la watu. Nikampeleka kwa shehe wa mtaani kwetu, mtu mwema sana, akamsomea. Alipomaliza alinirudishia uzi wa mkono ambao shangazi walikuwa wamemfunga mtoto, akasema dua ameifanya na ataendelea kuifanya, sasa nimpeleke hospitali. Nikamwambia mimi nafanya kazi hospitali. Akasema ndiyo, kwa hiyo hata nauli sina sababu ya kuitafuta.

Idrisa naye alikuwa ananiambia hivyohivyo, kila wiki. Nilikuwa namjibu kwamba mtoto ana hasira za ukoo wao.

Ukweli ni kwamba niliijua ile kliniki. Ilikuwa kila Alhamisi, chumba cha mwisho kwenye ukumbi wetu, na mafaili yake niliyatoa mimi mwenyewe. Nilijua pia watu wanavyosemwa wakisimama kwenye mstari ule, maana msemaji nilikuwa mimi. Sikuwa namwogopa daktari hata kidogo. Nilikuwa naogopa dirisha langu.

Kilichonisukuma ni viatu vya Idd. Nilimpeleka Saumu Kariakoo, Mtaa wa Kongo, saa ambayo hata mtu mzima anachanganyikiwa: spika za wauzaji, mikokoteni, watu bega kwa bega. Alikuwa na miaka saba. Alitaka viatu vyekundu, namba yake ikawa imekwisha, nikamshika mkono twende duka lingine. Akalala chini katikati ya njia. Nilimvuta, akapiga mayowe kama anachinjwa. Mchukuzi mmoja akasimamisha mkokoteni wake uliojaa marobota, nyuma yake ikasimama mingine, na watu wakakusanyika. Mama mmoja akainama, akamuuliza kwa upole kama mimi ni mama yake.

Saumu akasema, "Hapana."

Mnajua watu wa Kariakoo wakihisi mtoto ameibwa. Nilishikwa mkono huku na huku. Nilitamka jina lake, la baba yake, la babu yake, wakasema hata mwizi anaweza kukariri. Kilichoniokoa ni kitambulisho cha kazi kwenye mkoba, na Saumu mwenyewe, ambaye alichoka kulala chini, akaniambia mbele ya watu wote, "Mama, nina kiu." Wakaniachia. Muuza viatu, mzee wa Kichaga aliyekuwa akitutazama muda wote, alinipa maji ya kumnywesha mtoto. Alisoma kitambulisho kile, akauliza taratibu kama huko hospitalini nilishawahi kumpeleka aonwe. Nikadanganya. Nikasema tuko kwenye matibabu.

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa na barua kutoka kwa wazazi wa darasa. Akasema yeye hataki kumfukuza mtoto, lakini anahitaji karatasi ya mtaalamu inayoonyesha Saumu anashughulikiwa, na tunashauriwa tufanye nini darasani. Alinipa wiki tatu. Baada ya hapo, asingekuwa na la kuwajibu wale wazazi.

Hapa sasa sikilizeni ujinga wa mtu mwenye uzoefu. Nilisubiri wenzangu waende kula, nikakaa kwenye kiti changu, nikafungua faili jipya la mtoto wangu kwa jina la uongo. Na katika majina yote ya dunia nikachagua Asha Juma Ali. Nilijua ni jina lenye watu wengi, nikaona atajificha humo kama punje kwenye gunia la mchele. Mtaa nikaandika Temeke. Umri sikuujaza. Nilikuwa na haraka, na nilisikia viatu kwenye korido.

Alhamisi nikaomba ruhusa, nikapita mlango wa nyuma wa ukumbi, mtandio nimeushusha mpaka puani. Mtaalamu wa kliniki ile alikuwa dada mmoja kijana, mwenyeji wa Kilimanjaro, anaitwa Aikande. Alikuwa mgeni hospitalini, hanijui. Alitoka mlangoni akaita Asha Juma. Nikamsukuma Saumu kidogo.

"Mimi siitwi Asha," akasema, kwa sauti aliyorithi kwangu.

Mtoto huyu, siku nilipomhitaji aseme kweli, pale Mtaa wa Kongo, alinikana. Siku ninayotaka anyamaze, akawa shahidi mwaminifu. Nikacheka cheko la uongo, nikasema nyumbani tunamwita jina jingine. Aikande akatutazama wote wawili, akaandika kitu.

Nilitegemea amhoji mtoto, ampe vidonge, amtishe. Alikaa naye chini kwenye mkeka na vifuniko vya chupa, wakapanga mistari, nusu saa nzima. Mimi akaniuliza maswali mengi: analala saa ngapi, anakasirika mahali gani, nini kinatokea kabla, na mimi nafanya nini baada ya hapo. La mwisho sikulijibu vizuri. Wiki ya pili nilienda tena. Safari hiyo Saumu alijitambulisha mwenyewe bila kuulizwa: yeye ni Saumu Idrisa, anakaa ghorofa ya tatu Mchafukoge, na mama yake anafanya kazi pale dirishani. Nikatazama dari. Aikande hakunishika shati. Alisema tu kwamba wiki ijayo atatuandikia ile karatasi ya shule, kwa sababu maelezo yote ameshayaweka kwenye faili, na mwalimu naye amemtumia yake.

Wiki ya tatu tukaingia. Faili liko mezani. Aikande akalifungua, akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

"Hapa wameandika mgonjwa ana miaka sitini na miwili," akasema. "Ana presha, goti linamsumbua, na ana wajukuu tisa."

Saumu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi sikuweza. Faili lililoletwa lilikuwa la Asha Juma Ali mwingine, na la kwetu halikuwepo rafuni. Umri ulikwenda wapi, mnaniuliza? Sikuujaza. Karani aliyelitafuta angejuaje? Ndani ya faili lile lililopotea kulikuwa na wiki mbili za kazi ya Aikande na barua ya mwalimu, na siku ya mwisho niliyopewa ilikuwa Jumatatu. Aikande alisema hawezi kuandika kwa kukumbuka tu. Jambo la mtoto haliandikwi kwa kubahatisha.

Nikamwacha Saumu kwenye mkeka, nikaenda kwa Mzee Mbwana. Yeye alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kama mwanafunzi. Nilipofika kwenye jina nililochagua alivua miwani, akajifuta macho, sijui jasho au nini.

"Majina yote yale, Mwajuma," akasema. "Ungeandika hata Kleopatra, ningelipata sasa hivi."

Tulitafuta pamoja. Yeye hakutafuta rafuni. Alisema faili linalopotea halipotei peke yake, limebadilishana na jingine, kwa hiyo mfuate huyo jingine. Hilo lishikeni, wanangu, litawaokoa siku nyingi. Tukaenda kliniki ya presha. Faili la Saumu lilikuwa mezani kwa daktari wa kule, akilitazama kwa mashaka makubwa. Mgonjwa wake, Bi Asha Juma Ali wa kweli, alikuwa ameonwa asubuhi. Daktari alitueleza kwamba alikuwa amesoma kuwa mgonjwa anang'ata wenzake na kutupa vitu, akaona ni vyema amuulize kwa adabu. Bi Asha akafikiri kidogo, akamjibu, "Siku hizi nimepunguza."

Namshukuru Mungu daktari yule alikuwa makini, alimpima presha upya na hakubadilisha dawa yake. Nikarudi na faili lile kifuani. Mama wa watu angeweza kuumia kwa sababu mimi nilikuwa naona haya.

Nilidhani Mzee Mbwana atanirekebishia jina kimyakimya, kwa kalamu yake. Akaniuliza kama nimeusahau utaratibu. Nilikuwa naujua, niliwatesa nao watu wengi. Jina likikosewa, mzazi anakuja mwenyewe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, anapanga foleni, anasema dirishani. Nikamwita Idrisa, akaleta cheti akiwa bado na fulana ya kazini, akanikabidhi, kisha akakaa na Saumu.

Nikapanga foleni kwenye dirisha langu. Watu kumi na kitu mbele yangu. Aliyekuwa amekaa ndani ni binti mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe, na nilikuwa nimemfundisha vizuri, kwa sababu nilipofika aliniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka duka la dawa: "Kliniki gani?" Kisha akanitambua, akashika mdomo. Akataka kunivuta pembeni. Nikasema hapana. Sijui nguvu ilitoka wapi. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimechoka kupita mlango wa nyuma.

"Ya afya ya akili ya watoto," nikasema. "Ni mtoto wangu. Anaitwa Saumu Idrisa. Jina la Asha niliandika mimi, naomba lifutwe."

Nilisubiri mbingu zianguke. Binti akaniomba cheti, akaandika, akagonga muhuri. Nyuma yangu bwana mmoja alilalamika kwamba ninachelewesha mstari. Nilipogeuka kuondoka, mama aliyekuwa na kijana wake mrefu alinigusa mkono, akaniuliza kwa kunong'ona chumba chenyewe kiko wapi. Nikampeleka mpaka mlangoni.

Karatasi ya shule ilitoka siku ileile. Iliitaja hali ya Saumu kwa jina refu la kitaalamu, jina ambalo nilikuwa nimelinakili kwenye madaftari ya kumbukumbu mara nyingi kwa mwandiko mzuri, bila kuuliza hata siku moja maana yake. Aikande alinieleza kwa Kiswahili cha nyumbani: kusubiri kunamshinda kuliko wenzake, kelele zinamchosha, na jambo likibadilika ghafla anahisi kama ngazi imetoweka chini ya mguu wake. Hafanyi makusudi kunidhalilisha. Nami kwa miaka saba niliamini anafanya makusudi kunidhalilisha mimi, hasa mimi.

Msidhani karatasi ile ilimponya mtu. Kazi ilikuwa yangu. Nilipewa mambo ya kufanya nyumbani, mepesi ukiyasikia. Mwambie mtoto mapema kinachokuja. Mpe agizo moja, fupi, si matano kwa pamoja. Akifanya jema dogo, litaje. Shusha sauti. Na kila siku dakika kumi mcheze, yeye ndiye anayeongoza.

Kushusha sauti kulinishinda mwezi mzima. Kucheza kulinishinda zaidi. Siku ya kwanza Saumu alinifanya kuwa abiria wa pantoni, akaniambia nikae kwenye ndoo nisubiri. Nikasubiri. Baada ya dakika tatu nikauliza pantoni inaondoka lini, akaniambia abiria hawaulizi. Idrisa alikuwa hodari kwa hayo, yeye alizoea kusubiri maji ya bahari yajae. Mimi nilirudi kwa Aikande kama mwanafunzi asiyefanya zoezi la nyumbani, nikitoa sababu: mara umeme, mara wageni. Alikuwa anaandika tu.

Shule walimruhusu Saumu atoke nje kwa muda akihisi hasira zinapanda, mwalimu akamkalisha mbali na mlango wenye kelele. Aliendelea kukasirika. Aliacha kung'ata. Mwiko ukarudi kwenye ugali. Kulikuwa na miaka mizuri na mwaka mmoja mbaya sana, wa darasa la sita, ambao siutaki kuusimulia. Leo anashona mapazia kwenye duka moja Kariakoo, na mteja akimchanganya anasema wazi, "Nipe dakika tano," anatoka nje kwenye ngazi, kisha anarudi. Wateja wamemzoea. Mimi dirishani sikuita tena ugonjwa wa mtu, na hilo nawaomba nyinyi msisubiri kufundishwa na mtoto wenu.

Alipofikisha miaka kumi na minane alikuwa hana budi kuondoka kliniki ya watoto. Tulienda wote wawili kwa Aikande, ambaye sasa alikuwa mkuu wa pale na miwani imeongezeka. Saumu akaomba asome faili lake kabla halijafungwa. Nilianza kueleza utaratibu, Aikande akamsogezea tu. Lilikuwa nene. Saumu alisoma kwa muda mrefu, akifunua ukurasa mmoja mmoja, mara anatabasamu, mara ananitupia jicho. Nami nikainama nichungulie yaliyoandikwa. Mama amesema atapunguza kufoka. Ukurasa wa pili: mama hajafanya zoezi, amesema umeme ulikatika. Mbele kidogo: mama amelia, amesema wiki ijayo ataanza upya. Mama amefoka, ameomba radhi. Mama ameuliza kama mchezo unaweza kuwa dakika tano.

Saumu akalifunga, akaliweka mezani.

"Dada Aikande," akasema, "mimi mmeniruhusu leo. Na yeye je?"

Aikande akaweka kalamu chini, akanitazama vizuri kuanzia kwenye mtandio, kisha akamjibu kwamba mama tumpe miezi mitatu mingine, halafu tutaona.